Majivu ya Bi Cheryl

Tangu arudi kutoka Australia, Domina alikuwa hali wala halali, na wenzake wa kanisani wakasingizia baridi ya Januari. Baridi gani! Mwanamke alikuwa anatafunwa na dhambi yake.

Kazi yake ilikuwa kumlea Bwana Harlan, mzee wa Kimarekani wa Fairfax ambaye miguu ilishamkatalia. Mkewe, Cheryl, alifariki, akachomwa, majivu yake yakatiwa kwenye kopo. Ujanani wawili hao walipiga hema ufukweni Australia, na Cheryl aliusia akamwagwe kwenye bahari ile ile. Mzee aliposikia kwamba Domina ana kaka kule, Respicius, akamkatia tiketi aende Krismasi ya 1998. Alimwomba jambo moja tu: atakapoyamwaga majivu, amwite Cheryl kwa jina, marehemu asiondoke kama mtu asiye na mwenyewe.

Domina akaapa. Akafika, kaka yake akapiga hema, soseji zikachomwa, kangaruu wakaja kunusa masufuria bila haya. Raha zikamsahaulisha kabisa kwamba ana marehemu mkobani, mpaka giza lilipoingia. Hapo sasa! Mtoto wa Bukoba, Mkatoliki wa kuzaliwa, alale hema moja na maiti? Thubutu. Alilishusha kopo kwenye mchanga mkavu, mbali kidogo na maji, akalifunika kwa kanga, akajiambia asubuhi atafanya kila kitu kwa heshima. Si alikulia kando ya Ziwa Victoria? Maji aliyajua. Ila ziwa utalikuta pale pale ulipoliacha. Bahari haina adabu hiyo.

Alfajiri maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na hema. Kopo hakuna, kanga hakuna. Mtini ndege wa kule, wale wenye sauti ya mtu anayecheka, walikuwa wanacheka. Domina alihangaika huku na huku mchangani hadi Respicius akamshika mkono kumuuliza kulikoni, naye kwa aibu akasema ameangusha hereni. Jina la Cheryl hakulitaja. Angemwita vipi mbele ya kaka yake, baada ya kusema hereni?

Sasa alikuwa anampaka mzee mafuta miguuni, na swali aliloliogopa njia nzima ya kurudi likaja.

"Ulimwita?"

Domina alikuwa amejiandaa kusema kweli, haki ya Mungu alikuwa amejiandaa. Lakini aliponyanyua uso akamwona mzee amemkazia macho, midomo inamtetemeka.

"Nilimwita, Bwana Harlan. Mara tatu."

Mara tatu! Moja haikumtosha.

Mzee alilia kimya kimya. Akasema watoto wake wana shughuli zao, akifa wangemtupa popote palipo karibu. Kisha akaukamata ule mkono wenye mafuta, akaubana.

"Na mimi utanipeleka wewe. Niahidi."

Domina akamwahidi.