Mwalimu Astère na Ubao wa Pande Mbili

Jirani yangu Consolate alinikuta nachambua mboga za lengalenga. "Mama Ilias, we umesikia? Ule mwalimu wa nyuma yenu anaongea na mutu ndani, na anaishi peke yake. Mi nasema anaita wafu."

"Wafu gani hao, hata kikombe hawamwoshei?" nikamjibu.

Tangu mkewe afariki, Mwalimu Astère ana sahani moja na kikombe kimoja. Naviona vikikauka juu ya ukuta mfupi uliopo kati yetu. Anafundisha fasihi na historia kwenye lise, shule ya sekondari, moja ya hapa Bujumbura. Alichosikia Consolate ni somo likitayarishwa: anasoma shairi kwa sauti moja, kisha anajiuliza kwa nyingine, ilikuwa mwaka gani, nani alihama.

Darasani huchora mstari katikati ya ubao. Kushoto wimbo, kulia miaka. Lakini daftari la darasa linataka kila saa iwe na somo moja tu. Mkaguzi alipokuta wimbo kwenye saa ya historia, alikasirika. Amempa Ijumaa hii tu aonyeshe faida ya kuchanganya hivyo. Akishindwa, historia anapewa mwingine.

Haya alinieleza mwenyewe jana mchana, akiwa upande wake wa ukuta. Alikuwa amewaomba wazazi wa wanafunzi waje siku hiyo na nyimbo za kwao. Hakuna aliyekubali.

"Mmoja kaniambia: Mwalimu, sisi tulinyamaza, ndiyo maana bado tuko hai." Akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Mwanangu Ilias akaanza kulia. Nikamfunga mgongoni, nikamwimbia bila kufikiri:

*Maji yamekula soko, nyamaza,*
*mama kabeba mkeka, tunapanda juu.*

Mwalimu akashika ukuta kwa mikono miwili. "Huo nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Ziwa lilipanda hadi mlangoni, wakahama. Aliutunga njiani ili mtoto asilie. Mtoto mwenyewe ndiye mama yangu."

"Mwaka gani?"

"Mi miaka siijui, Mwalimu. Shule niliishia darasa la sita. Bibi alisema tu mama alikuwa anaota meno ya kwanza, anauma kila kitu."

"Mama yako kazaliwa lini?"

"Mwisho wa sitini na tatu. Iko kwenye karangamuntu, kitambulisho chake."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Basi sitini na nne, mwaka ule wa mafuriko. Wimbo wenyewe umebeba mwaka," akasema polepole.

"Mama Ilias," akasema, "nakuomba. Ijumaa saa tatu asubuhi, uje darasani kwangu, na mtoto hivyo hivyo mgongoni. Hotuba apana. Imba tu, halafu waambie wanafunzi habari ya meno ya mama yako."