Muhogo Usio na Jani

Watu wananiambia nisahau. Nisahau namna gani? Acha niandike hii mbio, kabla hawajaniita kuteka maji.

Tulifika Kasongo kwa miguu, kutoka Wamaza, tukikimbia vita: mama, mimi na mudogo wangu. Tulilala ku baraza ya shule. Mudogo wangu alikuwa ameacha kulia, na hiyo ndiyo ilitutia woga. Alikuwa analala tu kwa njaa, macho wazi.

Asubuhi mama alishuka ku muto, akatoa ku maji muhogo wa kuloweshwa, akaurudisha ndani ya kikwembe, nguo yake ya kujifunga. Kwetu, muhogo wenye uko na mwenyewe unafungiwa jani la mugomba juu. Huu haukuwa na jani. Mama akasema basi uliachwa na mutu aliyekimbia. Akautia ku nyungu. Mimi nilipuliza moto kama mwendawazimu, maji yalikuwa yananichelewesha.

Yalikuwa yanaanza kuchemuka wakati mwanamuke mumoja aliingia, kitambaa ku kichwa, matope mpaka ku magoti.

— Nani alitoa muhogo yangu ku maji?

Mama akasimama mbele ya nyungu.

— Ni mimi, mama. Unisamehe. Sikuona jani.

— Jani gani? Huku kila mutu anajua fasi ya muhogo wake!

Watu wakakusanyika. Mwanaume mumoja akasema:

— Si niliwaambia? Wakimbizi hawa, wezi tu. Wapelekwe ku polisi!

Mwanamuke alimupita mama. Alifunua nyungu, akafinya kipande kwa vidole.

— Astaghafirullah, iko mugumu! Niliuweka jana tu! Huyu mutoto amekula?

— Bado.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo.

Akapindua nyungu yote chini, akaenda zake. Nilimutukana. Muhogo ule ni muchungu, usipokaa ku maji siku zake unaua mutu. Mama alijua, na mimi nilijua. Njaa haikutuacha tukumbuke.

Watu walitawanyika. Mama akainama, akaanza kuokota vipande ndani ya vumbi. Nilimwambia aache. Hakuacha. Alipangusa kimoja, akamuangalia mudogo wangu.

— Tupa hiyo!

Mwanamuke alikuwa amerudi na sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

— We mama, unataka kuzika mutoto huku kwetu?

Akakaa chini, akafinyanga tonge, akamulisha mwenyewe. Mudogo wangu alitafuna polepole. Kisha akakunja uso:

— Haina chumvi.

— Mumuone huyu! Sasa hivi alikuwa anakufa, tayari anachagua!

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Wamaza. Mwanamuke akasimama, akinungunika, akaenda kutafuta chumvi.