Chembe Nyeupe Shingoni mwa Mama

Miaka ile ya soko huria, mama alikuwa anauza mitumba Chanika, mjini Handeni. Mimi nilikuwa nimeajiriwa karibuni kwenye maabara ya hospitali moja Korogwe. Siku moja nilipokwenda kumsalimia, nilimkuta anajaribu blauzi yenye kola, kifungo cha juu kinamkatalia. Nikamgusa shingo. Mbele ya koo palikuwa na kitu kigumu.

"Ni rovu tu, uvimbe wa shingo," alisema. "Bibi yako kule Vugiri alizeeka nalo."

Nilimbembeleza mpaka akakubali kuja Korogwe. Daktari wetu wa upasuaji, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliitoa tezi yote ya shingo pamoja na uvimbe, na kipande kikapelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa. Majibu yalirudi asubuhi ambayo mama alikuwa amekuja kliniki, ameketi kwenye benchi nje. Ilikuwa saratani ya tezi.

Daktari alichukua kioo chenye mkato wa ile nyama, kilichorudi pamoja na majibu, akakiweka kwenye hadubini.

"Binti, njoo uone."

Niliinama. Chembe nyeupe za damu, ambazo nilizoea kuziona zimetawanyika mojamoja, zilikuwa zimejazana kuizunguka saratani, zambarau tupu kwa ile rangi ya maabara.

"Mwili wake ulishaanza kupigana kabla yetu," daktari alisema. "Huo ndio mchochota, mwili kujihami."

"Kwa hiyo atapona?"

"Siwezi kuapa. Kuna saratani ambazo mchochota huzipa nguvu zaidi. Ila kwenye aina hii ya tezi, chembe hizi zikijaa namna hii, mara nyingi ugonjwa huwa mpole. Na tazama ukingo wa uvimbe, haujapenya popote."

Nilitoka karibu nakimbia. Nilimweleza mama kwa Kishambaa, maneno yananipanda na kushuka, kuhusu saratani na hao wanaoipiga vita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kidonda chake.

"Wapo kweli? Nataka kuwaona."

Daktari alimvutia kigoda. Mama alihangaika, akafumba jicho hili, akafumba lile, kisha akatulia kabisa.

"Wote hawa ni wangu?"

"Wako, mama," daktari alimjibu.

"Na mimi nilikuwa nasema nimechoka na kazi tu," alisema, jicho bado liko kwenye hadubini. Ilibidi nimwombe anipishe, maana nilitamani kutazama tena.

Alimeza vidonge kila asubuhi kuziba nafasi ya tezi, na kila alipokuja kliniki daktari alimpapasa shingo kwa makini. Ugonjwa haukurudi. Mimi niliomba kufundishwa kusoma vioo vile, na daktari akaniruhusu kukaa naye kila nilipomaliza zamu. Mara nyingi nilisahau hata kula.