Kijiti cha Kanga Bondeni Mbweni

Ipo asubuhi moja ya vuli, mwanangu, ambayo mvua ikianza kupiga bati kila mwaka hunijia kama vile ni jana. Mke wangu akiniona nimenyamaza na kikombe cha chai mkononi, haniulizi kitu. Anajua niko Mbweni, kwenye tope.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni nje, miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, wakati kila mtu mjini anatafuta kiwanja na maduka yamejaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau. Nilirudi na diploma ya kilimo. Sisemi kwa kujisifu tu. Baba yangu alikuwa mpagazi wa stesheni kule Tabora, hakujua kusoma hata jina lake, na mimi nilikaa miaka minne kwenye nchi ya barafu, nikajifunza lugha ya watu nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikawashinda baadhi yao darasani kwao. Niliporudi nilipanga chumba Tabata, nikauza nilichokuja nacho, nikapata shamba Mbweni kabla matajiri hawajaijua. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hata nyumba hii unayoniona nimekaa, kila tofali nalijua.

Basi shamba lile lilikuwa juu ya mteremko, mihogo na kunde, na chini yake kulikuwa na bonde lenye maji ambalo wenyeji walipanda magimbi. Kunde zangu zilipoanza kuchipua tu, paa wakazivamia. Kila asubuhi nakuta matuta yamelimwa kwa meno. Enzi hizo Mbweni ilikuwa na vichaka vya kutosha kuficha mnyama. Usiitazame leo na kuta zake.

Nikaenda kwa Mzee Kibwana. Huyu alikuwa Mzaramo wa pale pale, mwindaji tangu ujana, mwenye gobore na kibali cha bwana nyama, afisa wa wanyamapori. Aliposikia natokea Tabora alicheka, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, akaniita mtani wake aliyesomea mihogo Ulaya. Alikubali kuja. Msimu wa kuwinda ulikuwa unakaribia kufungwa, kibali chake kilibakiza siku chache, na mvua nayo ilikuwa imeshika. Alisema ardhi ikiloa hivi mbwa huteleza na watu huteleza, lakini kama tunangoja ikauke msimu utakuwa umekwisha.

Jioni hiyo, kibarazani kwake, alianza kunieleza. Akasema kuna mambo ya bondeni ambayo mgeni lazima ayajue kabla ya msako, na la kwanza ni habari ya dada yake, Bi Siwema, mwenye magimbi.

Sikumwacha amalize. Nilidhani anataka kumwombea dada yake njia ya kupita shambani kwangu. Nikamwambia bonde nimeshalipima, najua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, nikaanza kumweleza habari ya mifereji. Nilizungumza mpaka kahawa ikapoa. Mzee wa watu akanisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, msomi. Kesho asubuhi." Mke wangu ananiambia mpaka leo kwamba nina tabia ya kujibu kabla ya kuulizwa. Sikatai.

Asubuhi nilitangulia shambani, nimevaa koti la mvua na mabuti ya mpira niliyokuja nayo kutoka nje. Ukingoni mwa bonde, pale shamba langu linapoishia, nikakuta kijiti kimechomekwa na juu yake pamefungwa kipande cha kanga kilichochakaa. Damu ikanichemka. Ndivyo watu walivyokuwa wakiibiana viwanja siku zile, mwanangu: unachomeka kijiti leo, wiki ijayo unaleta mawe, mwezi ujao unamleta mjumbe ashuhudie. Nikasema kimoyomoyo, kumbe ndiyo haya ya dada yake. Nikaking'oa, nikakitupa kichakani, nikajiona nimefanya jambo la kiume.

Wawindaji wakafika. Watu wanne wakatandaza nyavu upande wa vichaka, wengine wakazunguka na mbwa kwa nyuma ili wawasukume paa waje kwetu. Mimi nilisimama karibu na Mzee Kibwana, penye mteremko, yeye na gobore lake amelifunika mfuko wa nailoni lisiloe. Mvua ilikuwa ya wastani, lakini kwenye majani ya magimbi ilisikika kama watu mia wanapiga makofi. Magimbi yenyewe yalikuwa yamesimama juu ya kiuno. Mtu akiinama mle, humwoni.

Mzee akatazama ukingo wa bonde kushoto mpaka kulia. Kisha akamwambia mwenye nyavu wa karibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Siwema leo hakuchomeka kijiti, basi amebaki nyumbani. Upande wa bonde uko wazi, paa akipita huko atampiga.

Mwanangu, niligeuka kutazama kichaka nilikokitupa.

Nilielewa yote kwa mara moja. Kijiti kile hakikuwa cha kiwanja. Ilikuwa desturi yao: siku ya msako, mwenye kazi bondeni anachomeka kijiti na kufunga kanga, watu wajue yumo wasielekeze silaha huko, na akitoka anakitoa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo Mzee alilotaka kuniambia jana yake.

Nilipaswa kusema papo hapo. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: kijiti kilikuwepo, nimekitoa mimi. Lakini nilitazama wale watu wa nyavu, wengine peku, wengine hawajamaliza hata darasa la nne, nikafikiria watakavyocheka. Nikajiambia huenda kile kijiti ni cha juzi. Nikajiambia mama huyo hawezi kutoka na mvua hii. Nikajiambia nitasema mbwa wakinyamaza. Na bado mdomo nimeufunga, natazama majani, naomba tu asitokee paa.

Akatokea. Dume, mwekundu, ameloa chepechepe, akakwepa nyavu, akateremka kama jiwe kuelekea kwenye magimbi. Mzee akavuta mfuko wa nailoni, akanyanyua gobore. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka mpaka mlio ulipotoka.

Moshi ukatanda chini kwa sababu ya unyevu. Nikasema, "Mzee, kijiti kilikuwepo. Nimekitoa mimi asubuhi."

Hakuuliza mara mbili. Alimkabidhi mwenzake gobore, akaanza kuteremka huku akiita, "Siwema! Ewe Siwema!" Umri wake ulikuwa umeshapita miaka sitini, na alikimbia kwenye mteremko ule wa utelezi kama kijana. Sisi nyuma yake. Bondeni tope likanishika magoti. Nikivuta mguu wa kulia, wa kushoto unazama. Buti langu moja likabaki humo humo, nikaliacha. Tukaita sote. Hakuna aliyejibu, ni ile mvua tu juu ya majani.

Kisha mmoja wa watu wa nyavu akasimama, akanyoosha kidole. Kwenye jani moja pana la gimbi kulikuwa na damu. Maji yalikuwa yakiisukuma taratibu kuelekea kwenye kikonyo. Damu haina jina, mwanangu. Ukiitazama juu ya jani huwezi kujua ni ya mnyama au ya mama wa watu.

Hatua chache mbele tukaona tenga la Bi Siwema, limewekwa juu ya tuta, ndani yake magimbi kama kumi yaliyotoka kuchimbwa, na jembe dogo pembeni. Mzee akalinyanyua. Marisau, zile chembe za risasi zinazotawanyika, zilikuwa zimelitoboa sehemu mbili, na chembe moja ilikuwa imekwama ndani ya gimbi. Alilitia kidole lile tundu. Mimi nilishindwa kumtazama usoni. Nilianza kuwaza nitawaambia nini watoto wa huyu mama, na nitamwambia nini baba yangu.

Ndipo tukasikia sauti kutoka upande wa pili, juu kwenye mihogo, ikiuliza kwa ukali nani amekufa mpaka anaitwa hivyo.

Bi Siwema alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha makuti, kanga kichwani, anatafuna muhogo wa kuchoma. Maji ya bondeni yalikuwa yamempanda mpaka kwenye mashavu ya miguu, akaona baridi itamwua, akaacha tenga lake na kijiti chake mahali pake, akapanda juu kungoja yapungue kidogo. Mlio ameusikia, ila alijua hauelekei bondeni, kwa kuwa kijiti kipo. Paa tulimkuta baadaye, amelala mita chache kutoka lilipokuwa tenga.

Yaani kilichomwokoa ni maji kuzidi. Elimu yangu haikuchangia chochote.

Mzee Kibwana alikaa chini, kwenye majani mabichi vile vile. Akapumua. Halafu akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu uliposema hakuchomeka."

"Kabla sijapiga."

"Kabla, mzee."

"Kung'oa kijiti ni kutojua, na asiyejua anafundishwa. Huko kunyamaza, mwanangu, umefundishwa wapi?"

 Swali hilo ninalo mpaka leo.

Akanipeleka mimi mwenyewe kwa dada yake, mguu mmoja na buti, mwingine peku, nikamwamkia shikamoo na kumweleza kila kitu kwa kinywa changu. Bi Siwema alinitazama kutoka juu mpaka kwenye ule mguu wenye tope. "Marahaba, mtani," akasema. "Kumbe ulikuwa unautafuta msiba wangu uje ugaregare kama watani wafanyavyo matangani, upewe chochote. Ungeniambia tu, ningekupikia futari ukiwa mzima na mimi mzima." Watu wakacheka. Kicheko kile kile nilichokiogopa, mwanangu, na hakikuniua. Ndicho kilichonipa nafuu.

Mzee alitimiza desturi akaniletea paja la paa, kwa kuwa mwenye shamba ana haki yake. Sikuweza kulila. Na yeye tangu siku hiyo hakupiga tena gobore kuelekea bonde lile, kijiti kiwepo kisiwepo.

Sasa nawe unakwenda kuanza kazi kwa watu usiowajua, na vyeti vyako vinapita vyangu. Nafurahi, jivunie, umevitolea jasho. Lakini ukifika mahali ukakuta kitu kimechomekwa, usikitoe mpaka umjue aliyekiweka na sababu yake. Mwenyeji akianza kukueleza, mwache amalize, hata kama kahawa itapoa. Na siku ukikosea, maana utakosea tu, sema pale pale, sauti ikitetemeka iache itetemeke. Mimi muda niliokaa kimya haukutosha hata kufunga kamba za viatu, na bado naubeba.

Mungu akupe miguu myepesi kwenye tope na ulimi mwepesi kwenye ukweli. Watu wa huko wakupokee kama mwana wao, na kila unayefanya naye kazi asubuhi, jioni umwone anarudi nyumbani kwake mzima. Amina, mwanangu. Nenda salama.