Midomo ya Mwalimu wa Kwaya

Tena mwalimu wa kwaya ana sauti tamu, na hilo ndilo linalomchoma fundi wa mageti. Kila jumuiya ikikutana nyumbani kwa mmoja wao kusali rozari, mwalimu wa kwaya anafuta miwani kwa ncha ya shati, anakohoa kidogo, halafu anairuka sala ya kumwombea Papa. "Papa mwenyewe anashukiwa uzushi wa imani," anasema polepole, vidole vikipapasa shanga, na mchumba wa fundi, ambaye siku hizi hataji tena harusi, anamsogelea kama vile mwalimu anagawa pipi. Jana uvumilivu ukamwishia fundi. "Kaka, baba yako akipotoka unaacha kumwombea?" Mchumba akamkata jicho: "Hebu muache mwalimu! Wewe umesoma wapi?" Watu wakacheka. Mama mwenye nyumba hakucheka; akaianza mwenyewe Baba Yetu kwa ajili ya Papa. Mwalimu akakaza taya, lakini midomo ikamponyoka, ikasali yote mpaka amina, machozi yakimlengalenga. Fundi aliona. Mchumba alikuwa kafumba macho, kakaa ubavuni kwa mwalimu. Basi nyie mnaosali na mwalimu, msimwonee aibu: akiiruka tena sala hiyo, ianzeni wenyewe kwa sauti. Na huyo dada mwambieni afumbue macho!