Tumbo Liliponisumbua, Nikamlaumu Wifi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na hadi leo inaniuma: siku niliyomrudishia wifi yangu Konsolata sahani ya isombe, mboga ya majani ya muhogo, na kumwambia usoni kwamba ananitilia sumu.

Nilikuwa mke mchanga, fundi cherehani pale Cibitoke. Mume wangu alifanya kazi mbali, nikakaa na dada yake, naye ndiye aliyepika. Kwa miezi miwili nilikuwa naharisha, mara nne, mara tano kwa siku, na sikumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, lakini nani anapenda kuzungumzia choo? Nilikula kuliko wote nyumbani na bado sketi zilinivuka. Mikono ilitetemeka hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Majirani wakaninong'oneza kwamba nalishwa kitu, nami, mjinga mimi, nikaamini.

Konsolata alichukua kijiko, akala mbele yangu huku machozi yanamtoka.

"Mi nimekula," akasema. "Kama ni sumu, tutakufa sisi wote wawili. Kesho tunaenda ku hospitali."

Daktari aliniuliza maji ninayokunywa, dawa ninazomeza, kama naona damu chooni. Choo kilipimwa, hakukuonekana amiba wala minyoo. Ndipo akanipapasa shingo, akahesabu mapigo ya moyo, akaagiza nipimwe damu. Majibu yalipotoka akaniambia, "Mama, ugonjwa haiko mu tumbo. Iko mu shingo." Tezi ya shingoni ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi na kuuendesha mwili mzima mbiombio, matumbo yakiwemo.

Nilipona polepole, kwa vidonge. Nilipomwomba Konsolata msamaha, aliniuliza tu kama moyo wangu umetulia. Heri angenitukana.

Basi, mwanangu, mtu mzima huharisha kwa sababu nyingi: maji machafu, chakula kilicholala, amiba, maziwa yasiyopatana nawe, dawa ulizojinunulia bila kuuliza, hata tezi. Kunywa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri. Choo kikitoka kama maji matupu bila kukoma, kimbilia hospitali, usingoje hata saa moja. Hali hiyo ikiendelea siku kadhaa, au ukiona damu, homa, au unakonda, nenda ukapimwe, na useme yote bila haya. Usimtafute mchawi jikoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; kidole changu kingepona wiki ile ile, lakini Konsolata amezikwa na neno langu moyoni.

Mungu akupe afya, mwanangu, na akujalie kumwamini anayekupikia.