Kijiko Kilichokunjwa Bunda

Mama yangu alizaliwa Butiama, na kijiko cha kwanza alichokijua kilikuwa kipande cha kibuyu cha kunywea uji. Baadaye kikaja cha alumini, kilichounguza midomo, halafu hiki cha chuma cha dukani. Vyote alivipa kazi ya uji tu. Ugali alikuwaga anaula kwa mkono, tena wa kulia.

"Kijiko ni cha mgonjwa na mgeni," alisema kila mara, akinitazama mimi, mtu mzima ninayekaa kwake Mwisenge bila kuwa mgonjwa wala mgeni.

Kisha kiharusi kikamshika mkono huo huo wa kulia. Vidole vikagoma kukamata. Wa kushoto alikataa katakata: haupelekwi kwenye sinia la watu. Kulishwa ndiyo usiseme. Siku ya kwanza alidai ameshiba. Ya pili vilevile. Ya nne nikaona mifupa ya mabega imetokeza, nikaogopa.

Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikanunua uma. Mama akaugeuza geuza.

"Wa kuchania nywele huu?"

Ukamdondoka. Hatukucheka sana.

Nikalazimika kwenda Bunda. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata Kamunyonge, mtaa wa pili tu, kwake ni ugenini, hiyo ni safari ya kuaga majirani. Niliambiwa yupo mzee mmoja pale, fundi wa kuziba sufuria. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Akauliza kitu kimoja.

"Anakula ugali wa nini?"

"Wa muhogo."

"Basi unavuta huo. Kijiko cha kawaida kitamponyoka."

Akanifunga vidole kwa kitambaa visikamate, kama vya mama, akaagiza ugali kwa mama ntilie wa jirani, akaniambia nile. Kila tonge liliishia kifuani.

"Shemeji," mama ntilie akaniita, "una hakika mgonjwa yuko nyumbani?"

Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama kiwiko changu kinavyohangaika. Akachukua kijiko cha chuma nilichokuja nacho, akakunja shingo yake ielekee mdomoni, akagonga mpini polepole mpaka ukazunguka kiganja changu kama bangili. Akakitoa, akakikunja upya. Mara tatu.

"Kiganja cha mama ni kidogo kuliko hiki?"

"Kikubwa," nikakiri. "Yeye amelima."

Akaupanua mpini bila kuniangalia usoni. Nikamshukuru kwa hilo pia.

Kesho yake mchana mama alikivaa. Akachota ugali, nikabana pumzi kama ninayesubiri matokeo ya mtihani. Ukafika mdomoni. Akachota tena, na tena. Halafu kijiko kikavuka sinia kuja upande wangu, kikabeba mnofu wa sato niliokuwa nimeutunza niule mwisho.

"Mama, huo wangu!"

"Anayekula hapa ni mgonjwa au mgeni," alijibu huku anatafuna. "Wewe ni yupi?"